Kisukari cha Ujauzito Kimeisha, Kongosho Bado Lahitaji Kutunzwa

Ikiwa unanyonyesha, endelea kunyonyesha. Ikiwa unamenya waru za chakula cha jioni, endelea kumenya, lakini tega sikio.

Leo nataka kuzungumza hasa na mama mmoja. Huyu ni mama ambaye alipokuwa mjamzito aliambiwa kliniki kwamba sukari yake ya damu imepanda. Alitishika. Akapunguza soda na chapati, akahudhuria kliniki bila kukosa, pengine akapewa dawa au sindano za insulini. Akajifungua salama. Sukari ilipopimwa baada ya kujifungua, akaambiwa imerudi chini. Akamshukuru Mungu, akambeba mtoto wake, akarudi nyumbani. Tangu siku hiyo hajapimwa tena.

Mama, ikiwa huyo ni wewe, au ni dada yako, au ni mke wa mwanao, mazungumzo ya leo ni yako. Sikutishi. Nina habari mbili, moja ngumu na moja njema. Nitaanza na ile ngumu.

Mwanamke aliyepata kisukari cha ujauzito ana uwezekano mkubwa wa kupata kisukari cha kudumu baadaye, kile kinachoitwa kisukari cha aina ya pili. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi kutoka nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba uwezekano huo ni karibu mara 10 ukilinganisha na mwanamke ambaye sukari yake haikupanda akiwa mjamzito. Wengine hukipata baada ya mwaka mmoja au miwili, wengine baada ya miaka 10 au zaidi. Na mara nyingi huingia kimya kimya. Huna kiu, huna maumivu, unachuma chai na kulima kama kawaida, kumbe sukari inapanda kidogo kidogo.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu unaweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa miaka mingi. Lakini ili tuuzuie, ni lazima tujue unaanzia wapi.

Unaanzia wapi?

Ndani ya tumbo, nyuma ya mfuko wa chakula, kuna kiungo kiitwacho kongosho. Urefu wake ni kama wa kiganja cha mkono. Ndani ya kongosho mna vikundi vidogo vya chembe hai vinavyotengeneza insulini. Insulini ndiyo hufungua mlango ili sukari itoke kwenye damu na kuingia mwilini, itupe nguvu. Pia huliambia ini lipunguze sukari linayomwaga kwenye damu. Insulini ikiwa haitoshi, au mwili ukiwa hauisikii, sukari hubaki kwenye damu na kuanza kuharibu mishipa, macho, figo na miguu.

Sasa angalia kinachotokea wakati wa ujauzito. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoufanya mwili wa mama usiisikie insulini vizuri. Jambo hili ni la kawaida, kwani humsaidia mtoto kupata chakula cha kutosha. Kongosho la mama hujibu kwa kutengeneza insulini mara mbili au hata mara tatu ya kawaida. Kwa wanawake wengi kongosho huimudu kazi hiyo. Kwa wengine hushindwa, na hapo sukari hupanda. Hicho ndicho kisukari cha ujauzito.

Wala usidhani ni ugonjwa wa mijini tu. Uchunguzi uliofanywa magharibi mwa Kenya kwa wanawake wajawazito 616, ukachapishwa mwaka 2017, ulikuta kwamba karibu 3 kati ya kila 100 walikuwa nao. Ukienda kliniki ukawakuta akina mama wajawazito 100 siku hiyo, wawili au watatu huenda ni wenzako.

Mtoto akizaliwa, kondo la nyuma nalo hutoka. Mzigo ule mkubwa unaondoka na sukari inashuka. Ndiyo maana uliambiwa sukari imerudi sawa, na ni kweli ilirudi. Lakini kongosho ni lilelile. Ujauzito ulikuwa mtihani mgumu, nao ulionyesha kwamba kongosho lako halina akiba kubwa. Ni kama daraja la mbao ambalo lori la majani chai lilipita juu yake, likapiga kelele. Lori limeondoka na daraja halijavunjika. Lakini sasa unajua kwamba usipolitengeneza, iko siku litavunjika hata kwa mkokoteni.

Mama, hilo si kosa lako. Wengine tunazaliwa hivyo, tumerithi kwa wazazi wetu. Urithi hatuwezi kuubadilisha. Lakini upo mzigo mwingine unaolilemea kongosho, nao tunaweza kuupunguza. Mzigo huo ni mafuta yanayoingia ndani ya viungo.

Mafuta ya ndani ya viungo

Unaposikia mafuta, huenda unafikiria mapaja na makalio. Hayo yako chini ya ngozi, na kwa kweli hayana madhara makubwa. Mwili umeyaweka hapo kama akiba. Ninayozungumzia leo huwezi kuyaona kwenye kioo. Ni yale yanayojikusanya ndani ya tumbo, ndani ya ini na ndani ya kongosho lenyewe.

Yanafikaje huko? Fikiria ghala lako la mahindi. Umevuna vizuri, ghala limejaa hadi juu. Gunia jingine linakuja, unaliweka sebuleni. Jingine unaliweka jikoni. Jingine unaliweka kwenye chumba cha kulala. Mwishowe hakuna pa kupita wala pa kupikia. Chakula kipo, lakini nyumba haifanyi kazi yake.

Mwili nao ni hivyo hivyo. Akiba ya chini ya ngozi ndiyo ghala. Ghala likijaa, mafuta hutafuta mahali pengine. Ini lenyewe pia hugeuza sukari na wanga uliozidi kuwa mafuta. Ini likijaa mafuta halimsikii tena mjumbe aitwaye insulini, kwa hiyo linaendelea kumwaga sukari kwenye damu usiku na mchana, hata kama hujala. Pia ini hilo humwaga mafuta kwenye damu, na sehemu ya mafuta hayo huenda kutua kwenye kongosho. Zile chembe zinazotengeneza insulini zikizungukwa na mafuta huchoka na kulala. Kwa hiyo kongosho linatakiwa kutoa insulini nyingi zaidi wakati uwezo wake umepungua.

Profesa Roy Taylor wa chuo kikuu cha Newcastle, Uingereza, ndiye aliyeeleza mzunguko huu mwaka 2008. Mwaka 2011 alitoa matokeo ya jaribio dogo la watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili. Walikula chakula kidogo sana kwa wiki 8 chini ya uangalizi wa madaktari. Baada ya siku 7 tu, sukari ya asubuhi ilikuwa imerudi kawaida, kwa sababu mafuta ya ini yalikuwa yamepungua. Kufikia wiki ya 8 mafuta ya kongosho nayo yalikuwa yamepungua, na kongosho likaanza tena kutoa insulini ipasavyo. Uchunguzi wake wa baadaye ulionyesha kwamba mafuta yaliyohitaji kutoka kwenye kongosho hayafiki hata gramu moja. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi. Basi robo ya kijiko ya mafuta, mahali pabaya, yatosha kulisumbua kongosho.

Tafadhali mama, usijaribu chakula kile kidogo sana nyumbani, na hasa kama unanyonyesha au una mimba. Nimeyataja majaribio hayo ili ujue kwamba kongosho lililochoka linaweza kuamka, hasa likihudumiwa mapema.

Na je, yanawahusu wanawake waliopata kisukari cha ujauzito? Ndiyo. Katika uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2011, wanawake waliowahi kukipata walipimwa ini kwa ultrasaundi. Wanawake 38 kati ya kila 100 walikuwa na mafuta kwenye ini. Miongoni mwa wenzao ambao hawakuwahi kukipata, walikuwa 17 kati ya 100.

Hapa kwetu Kenya nako watafiti walipima mafuta ya tumbo kwa ultrasaundi miongoni mwa Waluo, Wakamba na Wamasai. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha kwamba mafuta ya ndani yalikuwa mengi zaidi kwa watu wa mjini kuliko wa mashambani. Tunapohamia maisha ya kukaa, ya pikipiki hadi mlangoni na vyakula vya dukani, mafuta haya yanatufuata. Nayo maisha ya mjini siku hizi yamefika hadi Londiani.

Wembamba nao wasikilize. Kila mtu ana ghala la ukubwa wake. Mwanamke mmoja anaweza kuwa na kilo 90 na ini lake likawa safi. Mwingine ana kilo 60 tu, lakini ghala lake ni dogo, na mafuta yameshafika kwenye ini. Kwa hiyo usiseme, "Mimi si mnene, hayanihusu." Ikiwa uliwahi kuwa na kisukari cha ujauzito, yanakuhusu.

Kipimo cha kamba

Unaweza kujikagua nyumbani bila mashine. Chukua kamba au uzi. Simama wima, mtu akupime kutoka unyayoni hadi utosini, kisha akate kamba hiyo kwa urefu wako. Ikunje mara mbili iwe nusu. Sasa izungushe kiunoni, juu ya kitovu kidogo, bila kuvuta tumbo ndani. Nusu hiyo ikizunguka na ncha zake zikakutana, vizuri. Isipofika, ni dalili kwamba huenda mafuta ya ndani yamezidi. Mama aliyejifungua juzi asijipime kwa kamba, kwa kuwa tumbo bado linarudi. Ngoja miezi michache.

Kamba hiyo haichukui nafasi ya kupima damu. Tuje sasa kwenye kupima damu.

Lini nipimwe?

Shika kalamu, au mwambie mtoto wa shule akuandikie.

Kipimo cha kwanza ni kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua. Ni rahisi kukumbuka, kwa sababu mtoto huchanjwa akiwa na wiki 6, tena wiki 10, na tena wiki 14. Unapompeleka kwa chanjo ya wiki 6 au 10, nawe mwambie muuguzi: "Nilikuwa na kisukari cha ujauzito, nataka kupimwa sukari." Mwonyeshe kitabu cha mama na mtoto. Kitabu hicho kina jina lako pia, si la mtoto peke yake.

Kipimo kizuri zaidi ni kile cha kunywa maji ya glukosi. Unalala bila kula, asubuhi unatolewa damu, unakunywa gramu 75 za glukosi, unakaa saa 2, unatolewa damu tena. Enda na mtu wa kukushikia mtoto, lakini unaweza kunyonyesha ukingoja. Ikiwa zahanati ya kwenu haina kipimo hicho, omba angalau kile cha asubuhi kabla ya kula, kisha uulize hospitali ya Londiani, au ile ya rufaa ya kaunti mjini Kericho. Walio upande wa Bomet waulize Longisa au Tenwek.

Zijue namba zako. Kabla ya kula, sukari ikiwa chini ya 6.1 ni sawa. Ikiwa 7.0 au zaidi, hiyo ni ya kisukari, na daktari atarudia kipimo kuthibitisha. Iliyo katikati ya hizo ni onyo. Saa 2 baada ya glukosi, chini ya 7.8 ni sawa, na 11.1 au zaidi ni kisukari. Katikati ni onyo. Onyo maana yake ni kwamba huu ndio wakati wa kufanya kazi, kabla mlango haujafungwa.

Hata ukiambiwa ni sawa, usiishie hapo. Pimwa tena mara kwa mara, na usipitishe miaka mitatu. Mimi nakushauri iwe kila mwaka, na uchague siku ya kuzaliwa ya mtoto wako. Mtoto anapofikisha mwaka, mama anapimwa. Anapofikisha miaka miwili, mama anapimwa. Hutasahau. Na wahudumu wa afya ya jamii wanaopita vijijini siku hizi wamepewa mashine za kupima sukari. Akifika kwako, usimwambie tu habari za watoto. Mpe kidole chako pia.

Kabla ya kupata mimba nyingine, pimwa kwanza. Karibu nusu ya wanawake waliopata kisukari cha ujauzito hukipata tena katika mimba inayofuata. Ndiyo maana kupanga uzazi ni sehemu ya matibabu haya. Mwambie muuguzi historia yako anapokusaidia kuchagua njia ya kupanga uzazi.

Na wewe mama ambaye hukupimwa kabisa ukiwa mjamzito, lakini ulizaa mtoto wa kilo 4 au zaidi, nawe omba kupimwa. Huenda sukari ilikuwa imepanda na hakuna aliyejua.

Nifanye nini nyumbani?

Kwanza, nyonyesha. Kunyonyesha humsaidia mtoto, na mama pia. Mwili wa mama anayenyonyesha hutumia nguvu nyingi, na baadhi yake hutoka kwenye akiba ya mafuta. Kule California, Marekani, watafiti waliwafuata kwa miaka 2 akina mama zaidi ya 1,000 waliokuwa na kisukari cha ujauzito. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Wale walionyonyesha maziwa yao pekee walipata kisukari kwa karibu nusu ya kiwango cha wale waliotegemea maziwa ya kopo. Basi mpe mtoto maziwa yako pekee kwa miezi 6, kisha endelea pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili.

Pili, angalia kikombe chako cha chai. Sisi ni watu wa chai. Chai yenyewe haina ubaya. Tuhesabu sukari. Ukiweka vijiko 3 na ukanywa vikombe 5 kwa siku, hivyo ni vijiko 15, yaani gramu 60 hivi. Kwa mwaka ni karibu kilo 22 za sukari, za mtu mmoja, kwenye chai peke yake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana iwe chini ya 25. Hakuna anayekulazimisha kuacha leo. Wiki hii toa kijiko kimoja. Baada ya wiki mbili toa kingine. Ulimi huzoea, na utashangaa kwamba chai ya kwetu ina ladha yake yenyewe. Soda na juisi za paketi ziache kabisa kwa siku za kawaida.

Tatu, panga sahani. Nusu iwe mboga: sukuma wiki, managu, sagaa au kabichi. Robo iwe maharagwe, ndengu, mayai, omena au nyama kidogo. Robo iliyobaki iwe ugali, wali au waru. Ugali si adui, mama. Tatizo ni ugali kama mlima na mboga kama kijiti juu yake. Na usichanganye ugali, waru na chapati kwenye sahani moja, kwa kuwa zote ni wanga. Mursik isiyotiwa sukari ni chakula kizuri, kikombe kimoja kwa mlo chatosha. Mafuta ya kupikia yapime kwa kijiko, usimimine.

Nne, tembea. Ukiwa unalima au unachuma chai kutwa nzima, tayari unafanya mazoezi. Lakini siku hizi wengi wetu tunakaa dukani, ofisini au kwenye kibanda. Tembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Panda kale kamlima badala ya kuita bodaboda. Hata dakika 10 za kutembea baada ya chakula cha jioni huisaidia sukari kushuka. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari bila kulisumbua sana kongosho.

Tano, punguza uzito kidogo kama umezidi. Lengo ni kupunguza kama 7 kwa kila 100 ya uzito wako. Mama wa kilo 70 atapunguza kilo 5 tu, polepole, kwa miezi kadhaa. Mafuta ya ini ndiyo hutangulia kuondoka. Utayakosa kwenye kioo, lakini kongosho litapumua.

Kuna ushahidi? Upo. Marekani walifanya jaribio kubwa la kuzuia kisukari, na ndani yake walikuwamo wanawake 350 waliowahi kuwa na kisukari cha ujauzito na ambao sukari yao sasa ilikuwa imefikia kiwango cha onyo. Kwa wastani ilikuwa imepita miaka 12 tangu wajifungue. Waliobadilisha chakula na kufanya mazoezi walipunguza hatari ya kisukari kwa nusu ndani ya miaka 3. Waliopewa dawa ya metformini walipata faida ya kiasi hicho hicho. Kwa hiyo hata kama mtoto wako sasa yuko darasa la sita, hujachelewa. Dawa ni daktari aamue, usinunue mwenyewe dukani.

Maneno ya watu

Najua kuna jambo linalowazuia akina mama wengi. Mama aliyejifungua akinenepa, watu husema, "Anatunzwa vizuri." Akipungua kidogo tu, minong'ono inaanza: "Ana ugonjwa. Bwana yake hamlishi." Kwa hiyo mama anaogopa kupungua.

Hapa nataka kuzungumza na nyanya na mama mkwe. Wewe ndiye unayepika siku zile za kwanza. Mama aliyejifungua anahitaji kula vizuri, na hatusemi anyimwe chakula. Mpe supu, mboga, maharagwe, maziwa na uji. Lakini uji ule usiwe na sukari ya kumwaga, na usimlazimishe kumaliza jagi lote. Akisema ametosheka, ametosheka. Akitaka kwenda kutembea jioni, mshikie mtoto nusu saa. Nusu saa hiyo ni zawadi kubwa kuliko leso.

Na akina baba mlio karibu na redio, mkeo akipunguza sukari, nawe punguza. Si haki mama apike sufuria mbili. Mkiipunguza nyote, watoto nao watapona, kwa sababu mtoto aliyezaliwa na mama mwenye kisukari cha ujauzito naye ana hatari kubwa zaidi ya kunenepa na kupata kisukari akikua. Anayekula vizuri leo pamoja nanyi anajengewa ukuta wa kumkinga.

Usingoje dalili. Lakini ukiona kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara usiku, kupungua bila sababu, macho kufifia, au muwasho wa sehemu za siri unaorudi kila mara, nenda hospitalini mara moja, hata kama kipimo cha mwaka jana kilikuwa sawa.

Kabla sijawaaga, tukumbushane. Sukari iliyopanda wakati wa ujauzito ilituonyesha kwamba kongosho lina akiba ndogo. Mafuta ya ini na ya kongosho hulipunguzia nguvu ya kutoa insulini, na mafuta hayo yanaweza kuondoka. Kwa hiyo pimwa wiki ya 6 hadi 12, kisha kila mwaka siku ya kuzaliwa ya mtoto. Nyonyesha. Punguza sukari kwenye chai, jaza mboga kwenye sahani, tembea.

Kesho asubuhi, kabla hujasahau, toa kile kitabu cha mama na mtoto kabatini. Tafuta ukurasa ulioandikwa sukari. Ikiwa hapo palikuwa na namba iliyopanda, na mtoto sasa anakimbia uani, jua kwamba siku yako ya kupimwa imefika. Mwambie jirani aliyekuwa nawe kliniki mwaka ule, mwende pamoja.

Hadi tutakapokutana tena, jitunze, mama, maana nyumba nzima inakutegemea.